Kwa nini nyumba za zamani za kanjo huku Eastlands ni chumba kimoja tu?

MamaShiru ameuliza:

Habari zenu wote. Niliolewa katika mtaa mmoja wa zamani wa kanjo, yaani wa baraza la jiji, huku Eastlands, Nairobi. Nyumba yetu ni chumba kimoja, jikoni hakuna, choo na bomba ni vya safu nzima. Napikia jiko la makaa pale mlangoni, na fremu ya mlango imeshika masizi mpaka usawa wa kifua, maana kila mama aliyekaa hapa kabla yangu alipikia papo hapo.

Juzi kijana wangu wa gredi ya saba alipewa kazi ya shule, aeleze athari za ukoloni. Akaandika reli, shule, dini, lugha. Baba mkwe akaisoma, akamwambia, "Ongeza na hii nyumba." Hakueleza zaidi, si mtu wa maneno mengi. Sasa mtoto ananiuliza mimi, nami sina jibu. Je, ni kwamba serikali ya wakati ule haikuwa na pesa, au kuna aliyekusudia tuishi hivi?

Mzee_wa_Landi amejibu:

Mama Shiru, baba mkwe wako amesema kweli. Mimi nilizaliwa kwenye landi za reli, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yangu akiwa kibarua wa karakana, kisha nikafundisha historia hadi kustaafu. Nitakueleza ninavyojua.

Hiyo nyumba haikujengewa familia. Ilijengewa mwanamume mfanyakazi, alale peke yake au na wenzake watatu wanne, vitanda vimebanana, na kila mmoja wao ameacha mke na watoto rizavu, maeneo ya vijijini waliyotengewa Waafrika. Jikoni haikuwekwa kwa sababu mke hakutarajiwa. Mipango ya mji ilimhesabu Mwafrika kama mpita njia: afanye kazi akiwa na nguvu, zikimwishia arudi kwao.

Alifikaje mjini? Kwa kodi. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 serikali iliweka kodi ya nyumba kwa kila kibanda, na mwaka 1910 ikaongeza kodi ya kichwa kwa wanaume ambao hawakuilipa ile ya kwanza. Kodi ilitakiwa kwa fedha taslimu, na wengi wangezipata tu kwa kwenda kumfanyia mzungu kazi. Kisha ikaja sheria ya kipande, yaani kitambulisho cha kazi, ya 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Cha babu yangu nimekishika kwa mkono: kibati chenye kitanzi cha kuvaa shingoni kwa kamba, na ndani karatasi yenye alama za vidole, jina la tajiri, mshahara, siku ya kuandikwa na siku ya kuachishwa. Tajiri asipotia sahihi ya kukuachia, ukaondoka, umevunja sheria, na polisi wanakutafuta. Hebu mweleze kijana hilo polepole. Mtu mzima, baba wa watoto, hawezi kuacha kazi bila ruhusa ya aliyemwajiri.

Mshahara nao ulipigiwa hesabu ya mtu asiye na mke. Kamati ya Carpenter, iliyoundwa na serikali yenyewe ya kikoloni, ilikiri hivyo katika ripoti yake ya 1954, ikapendekeza watu walipwe mshahara unaotosha familia. Kabla ya hapo mke alilima huko nyumbani, akalisha watoto, akauguza wazee, akampokea mume akirudi amechoka au mgonjwa. Jembe la mama lilikuwa linamlipia tajiri sehemu ya mshahara. Mimi hili ndilo linaloniuma kuliko reli na lugha na mengine yote tunayowafundisha watoto, kwa sababu liliingia kati ya baba na mwanawe.

Na aliyethubutu kuleta familia mjini hakuachwa salama. Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya kupambana na Mau Mau, jeshi na polisi waliuzingira mji wa Nairobi. Maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa wakachujwa Langata, na wengi wakapelekwa kambi za Manyani na Mackinnon Road. Wake na watoto walirudishwa rizavu, ambako watu zaidi ya milioni 1 walikuwa wakihamishiwa kwa nguvu katika vijiji vilivyowekwa chini ya ulinzi. Muulize baba mkwe, kwa upole, mwaka huo yeye na wazazi wake walikuwa wapi. Huenda ndipo penye ule ukimya wake.

Bibi_wa_Majengo amejibu:

Mwanangu Mama Shiru, Mwalimu amesema vyema, lakini mimi wa Pumwani siwezi kunyamaza. Wanawake walikuwamo Nairobi hii tangu zamani. Kabla Pumwani haijawa Pumwani palikuwa na vijiji, na kikubwa kilikuwa Pangani. Nyumba za fito na udongo, paa za madebe yaliyokunjuliwa, na wenye nyumba wengi walikuwa wanawake. Marehemu bibi yangu alikuwa mmoja wao. Alipangisha vyumba, akalea watoto wake na wa wenzake, akawazika wageni waliofia mjini bila ndugu. Kina bibi hao ndio walioufanya mji ukalike.

Pangani ilivunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wakaambiwa wahamie Shauri Moyo. Hata sisi wa Pumwani, nyumba ilikuwa yako lakini ardhi ya chini yake ilikuwa ya manispaa. Ulijenga kwa jasho lako, lakini hukuwa na hati ya kumwachia mwanao.

Na kijana asimsahau Mary Muthoni Nyanjiru. Machi 1922 Harry Thuku, kiongozi wa Waafrika aliyeipinga serikali ya kikoloni, alikamatwa, na moja ya aliyokuwa akiyapinga ni wasichana kulazimishwa kazi kwenye mashamba ya wazungu. Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi. Wanaume walipotaka kurudi nyuma, Muthoni aliwaambia wampe suruali zao, akaongoza mbele. Risasi zikapigwa, akafa yeye na wengine wengi.

Kijana_wa_Umoja amejibu:

Shikamooni wazee. Nimesoma yote na yameniingia. Lakini uhuru tulipata 1963. Hizo nyumba zimekuwa mikononi mwetu miaka yote hii. Mbona jikoni bado haijajengwa?

Mzee_wa_Landi amejibu:

Marahaba. Na Bibi, ahsante sana. Hayo ya Pangani yanastahili kuwa kwenye vitabu vya shule.

Kijana, swali lako ni la haki, na lawama ya miaka hii ni ya viongozi wetu. Kanjo yetu ilirithi nyumba zilezile ikaendelea kudai kodi, ikarithi hata askari wa kumfukuza mama anayeuza mboga barabarani. Ila usitazame kuta peke yake. Pale landi, jirani zetu wengi walituma pesa nyumbani kwa posta na kuonana na watoto wao Krismasi kwa Krismasi. Watoto wale walikua wakijua kwamba baba ni mtu anayetuma. Nao walipopata kazi Nairobi, kwa hiari yao kabisa, bila kipande shingoni, wengi waliacha mke ushago, yaani kijijini, wakapanga chumba kimoja. Nimewafundisha wajukuu wa watu hao. Ukimwambia mtoto achore familia yake, baba anachorwa kando, karibu na basi.

Mama Shiru, kwa ile kazi ya shule: kijana apime chumba, urefu na upana, aandike ni watu wangapi wanalala humo leo. Kisha siku ya wiki aende na mtu mzima pale Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, karibu na stendi ya Ambassadeur, aulizie kumbukumbu za manispaa kuhusu mtaa wenu. Baba mkwe akikubali kutoka, mchukueni.