Kamera iliyonunuliwa kwa kadi ya mkopo imeshuka bei baada ya wiki tatu: je, tofauti inaweza kudaiwa?

Mpiga Picha wa Ngamiani

Assalamu alaykum na habari za mchana, wanajukwaa.

Mimi ni mpiga picha za harusi na mahafali hapa Tanga, na studio yangu iko Ngamiani. Siku 22 zilizopita kaka yangu anayeishi Marekani alininunulia kamera kwa kadi yake ya mkopo, kwa dola 1,400, baada ya mimi kumtumia fedha hizo kwa awamu mbili. Jirani yetu aliyekuwa akirejea nyumbani alinibebea, na nimekwisha kuitumia katika harusi mbili. Juzi usiku niliingia kwenye tovuti ya duka lile lile nikitafuta betri ya akiba, nikaikuta kamera ile ile inauzwa dola 1,200. Sikupata usingizi, kwa sababu dola 200 zinakaribia malipo yangu ya harusi nzima.

Kaka anakumbuka kwamba alipochukua kadi hiyo alielezwa habari ya ulinzi wa bei, yaani ukinunua kitu kisha bei ikashuka ndani ya siku kadhaa, unarudishiwa tofauti. Rafiki yangu mmoja naye ananishauri kwamba kaka aende kwa benki yake akayapinge malipo yote, fedha zirudi, kisha anunue upya kwa bei ya chini. Naomba mwenye ujuzi anieleze ipi ndiyo njia sahihi, na kama kamera kuwa Tanga badala ya Marekani kunaharibu jambo.

Mstaafu wa Benki, Raskazone

Mwanangu, naanza na ushauri wa rafiki yako kwa sababu ndio wenye hatari. Kupinga malipo ni haki aliyopewa mwenye kadi kwa mambo maalumu: bidhaa haikufika, imefika mbovu au siyo iliyoagizwa, amekatwa mara mbili, au mtu mwingine ametumia kadi yake bila idhini. Bei kushuka baada ya wewe kununua kwa hiari yako haimo humo. Kaka yako akijaza fomu kwamba kuna kasoro wakati kamera inafanya kazi kwenye harusi za Tanga, atakuwa ametoa maelezo ya uongo kwa benki, na duka likileta uthibitisho kwamba mzigo ulipokelewa, atashindwa na huenda akafungiwa na duka. Asithubutu.

Ulinzi wa bei ni jambo jingine kabisa. Hautolewi na duka, na mara nyingi haulipwi hata na benki yenyewe bali na kampuni ya bima iliyoingia mkataba na watoa kadi. Kwa hiyo duka halihusiki wala halina cha kulalamikia. Anayedai ni mwenye kadi, kwa jina lake, kwa mujibu wa kitabu cha manufaa alichopewa pamoja na kadi. Wewe uliyeko Ngamiani huna mkataba nao.

Hata hivyo, kumbukumbu ya kaka yako kuhusu alichoelezwa siku alipochukua kadi isichukuliwe kuwa ushahidi, kwa sababu manufaa haya yamepunguzwa sana. Kampuni ya kadi ya Discover iliyaondoa mwishoni mwa Oktoba 2018. Benki ya Citi, ambayo mpango wake uliitwa Price Rewind, ilishusha ukomo wa kila kifaa kutoka dola 500 hadi 200 mwaka 2018, kisha ikaufunga mpango wenyewe Septemba 2019. Zipo kadi ambazo bado zinayo, lakini ni lazima asome kitabu cha mwaka huu, na aangalie mambo matatu kwanza: kinga ni ya siku ngapi tangu siku ya kununua, ukomo wa fedha ni kiasi gani, na ni vitu gani vimetengwa.

Suala la siku nalisisitiza kwa mfano wa kweli. Simu ya kwanza ya iPhone ilianza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007, na ile ya gigabaiti 8 iliuzwa dola 599. Tarehe 5 Septemba mwaka huo huo Apple iliishusha hadi dola 399. Zilikuwa zimepita siku 68. Aliyenunua siku ya kwanza kwa kadi yenye kinga ya siku 60 alikuwa amechelewa kwa siku nane tu, ilhali mwenye kinga ya siku 90 alikuwa na wiki tatu mkononi za kutafuta nyaraka zake. Simu ilikuwa moja na bei moja, na aliyepata alitofautiana na aliyekosa kwa maandishi ya kadi.

Mama wa Chumbageni

Kaka, nimeishi Marekani miaka kadhaa na nimewahi kudai tofauti ya namna hii mwaka 2016, ya televisheni, kwa hiyo nakueleza nilichokiona kwa macho yangu.

Dai langu la kwanza lilirudishwa. Nilikuwa nimepiga picha ukurasa wa tovuti unaoonyesha bei mpya, nikaamini inatosha, kumbe picha yenyewe haikuonyesha tarehe wala namba ya modeli. Mpokea dai hana namna ya kujua kama bei hiyo ilikuwepo jana au mwaka jana. Mara ya pili niliuchapisha ukurasa wote kwenye karatasi, juu kukiwa na tarehe na anwani ya tovuti, katikati jina la duka, namba kamili ya modeli na bei, nikaambatanisha risiti yenye mchanganuo na taarifa ya mwezi ya kadi inayoonyesha kwamba malipo yalifanyika kwa kadi hiyo. Hapo walikubali. Fedha walizonirudishia zilikuwa tofauti ya bei ya kifaa peke yake. Kodi na gharama za kusafirisha hawakuzigusa.

Kwako wewe kuna mtego ambao televisheni haikuwa nao. Kamera huuzwa bodi peke yake, na pia huuzwa bodi pamoja na lenzi, na picha kwenye tovuti zinafanana sana. Tafadhali fungua tena tangazo hilo la dola 1,200 usome mstari ulio chini ya jina. Kama kaka alinunua yenye lenzi na tangazo ni la bodi, basi hakuna kilichoshuka bei. Ni bidhaa mbili. Vilevile angalia kama imeandikwa kwamba ni iliyotumika au iliyorudishwa kiwandani kukarabatiwa, kwa sababu bei za vitu hivyo hazikubaliki katika madai haya, na bei za mnada hazikubaliki pia.

Jambo la mwisho ni risiti. Kama ni ile ya karatasi laini inayochapwa kwa joto, mwambie kaka aipige picha leo. Yangu niliiweka kwenye pochi, na baada ya miezi miwili iliyobaki ilikuwa karatasi nyeupe yenye kivuli cha nembo ya duka.

Mwalimu wa Pongwe

Nami naomba kuuliza lililo karibu na hili. Je, kadi tunazopewa na benki zetu hapa Tanga zina ulinzi wa namna hiyo? Mwezi uliopita nililipia kompyuta mpakato dukani mjini kwa kadi, na sasa inauzwa kwa bei ya chini.

Mstaafu wa Benki, Raskazone

Mwalimu, kadi ambazo wengi wetu tunazo hukata fedha zilizomo kwenye akaunti zetu, na siyo kadi za mkopo. Omba benki yako ikupe masharti ya kadi yako kwa maandishi. Usipoliona jambo hili humo, basi halipo. Duka nalo halilazimiki kukurudishia tofauti kwa sababu tu bei imeshuka, lakini ukienda mapema na risiti yako ya EFD (ile ya mashine ya kodi), ukazungumza na mwenye duka kwa heshima, wapo wanaokubali kukupunguzia katika manunuzi mengine. Aidha, angalia kama bei imeshuka kweli au ni thamani ya dola iliyobadilika, kwa maana bidhaa zinazoagizwa nje hupanda na kushuka kwa shilingi hata pale ambapo bei yake ya dola haijasogea.

Mpiga Picha wa Ngamiani

Nawashukuru sana. Jana usiku tulikaa kwenye simu na kaka saa nzima tukisoma kitabu cha manufaa ya kadi yake ukurasa kwa ukurasa. Tangazo ni la kamera ile ile, bodi pamoja na lenzi, mpya, namba ya modeli haina tofauti. Ulinzi upo, na siku bado zipo. Lakini katika orodha ya vitu vilivyotengwa tumekuta kwamba vitu vilivyonunuliwa kwa ajili ya kuuza tena, au kwa matumizi ya kikazi na kibiashara, havihusiki.

Kamera hii ni ya kazi. Kaka alisema hakuna atakayejua, kwa kuwa risiti ina jina lake na yeye si mpiga picha. Mimi nimemwomba asitie saini tamko ambalo sote wawili tunajua si kweli, maana jina litakalokuwa kwenye karatasi ni lake, na kadi ni yake.

Mama wa Chumbageni

Umefanya vyema, kaka. Lakini usiikatie tamaa hiyo fedha, kwa sababu mmeruka mlango wa kwanza. Mmeuliza kadi, hamkuuliza duka. Maduka mengi ya kule hurekebisha bei kwa mteja iwapo yao wenyewe wameishusha ndani ya muda waliouweka: Apple hutoa siku 14, Costco hutoa siku 30. Hapo haijalishi kamera ni ya kazi au ya nyumbani, na haihitaji kurudishwa, kwa hiyo kuwa Tanga si tatizo. Duka lenu linatoa siku ngapi?

Mpiga Picha wa Ngamiani

Dada, linatoa siku 30, na leo ni siku ya 26. Nimemtumia kaka ujumbe sasa hivi, na kwao bado hakujapambazuka.

Mpiga Picha wa Ngamiani

Narudi na majibu. Kaka amewapigia asubuhi ya kwao akiwa na namba ya oda. Walimwuliza tarehe ya kununua, wakaitazama bei kwenye tovuti yao wenyewe, na hawakuomba karatasi nyingine yoyote. Hawakurudisha fedha kwenye kadi, bali wameweka dola 200 kama salio la kununulia dukani kwao. Amekwisha kuagiza betri mbili na memori kadi, ambazo nitaletewa na msafiri ajaye, na salio lililobaki tumekubaliana ni lake.

Bi. Mama wa Chumbageni na Mzee wa Raskazone, nawashukuru kwa dhati.