Tupeane uzoefu: jina la Eusébio lilikufikiaje, na mabao yake unayahesabia upande gani?

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa simulizi zetu kuhusu Eusébio da Silva Ferreira, mshambuliaji aliyezaliwa Mafalala, katika mji wa Msumbiji uliokuwa ukiitwa Lourenço Marques (Maputo ya leo), tarehe 25 Januari 1942, na ambaye mpaka anaagana na klabu ya Benfica ya Lisbon, Ureno, mwaka 1975 alikuwa amehesabiwa mabao 473 katika mechi rasmi 440. Takwimu zake zinajulikana na sina haja ya kuzirudia zote. Ninachotaka ni kila mmoja aeleze jinsi alivyomfahamu, iwe kwa redio, kwa masimulizi ya wazee, kwa picha za video au kwa safari, na kama wakati huo alimwona kuwa ni Mreno au ni Mwafrika mwenzetu.

Naanza mwenyewe. Mimi nilimfahamu kupitia mjomba wangu, ambaye alipenda kusimulia robo fainali ya Kombe la Dunia ya tarehe 23 Julai 1966 kana kwamba alikuwa amekaa nyuma ya goli katika uwanja wa Goodison Park, ilhali hajapata kukanyaga Uingereza. Alikuwa akianza na mabao matatu ya Korea Kaskazini yaliyoingia ndani ya dakika 25 za mwanzo, kisha ananyamaza ili sisi watoto tuulize ikawaje. Hapo ndipo Eusébio alipokuwa akiingia katika hadithi: bao la kwanza dakika ya 27, penalti kabla ya mapumziko, bao la tatu mapema katika kipindi cha pili, na penalti nyingine dakika chache baadaye. José Augusto akaongeza la tano, na Ureno ikashinda 5–3. Jambo ambalo mjomba hakulisahau hata mara moja ni kwamba baada ya kufunga, mtu huyo hakushangilia, bali aliuchukua mpira wavuni na kukimbia nao hadi katikati ya uwanja. Miaka mingi baadaye nilipoiona filamu ya mechi ile, nilikuta mjomba ametia chumvi katika mengi, lakini hilo la mpira lilikuwa kweli tupu.

Mchangiaji kutoka Mtwara

Ahsante, mtoa mada. Kwetu sisi wa kusini swali lako halikuwa la kijiweni tu. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa serikali, na mwaka huo wa 1966 vita vya ukombozi wa Msumbiji vilikuwa vimekwisha kuanza tangu Septemba 1964. Wakimbizi walikuwa wakivuka Ruvuma, chama cha ukombozi cha FRELIMO kilikuwa kimeundwa Dar es Salaam miaka minne kabla, na mtu mweusi kutoka upande ule ule wa mto alikuwa akishangiliwa ulimwenguni kote akiwa amevaa jezi ya dola iliyokuwa ikiwapiga mabomu ndugu zake.

Baba alisema kwamba wazee walikuwa wamegawanyika. Wapo waliokataa kabisa kumsifu, wakisema kila bao lake lilikuwa pambo kwa Salazar, mtawala wa kiimla wa Ureno, aliyedai kwamba Msumbiji haikuwa koloni bali mkoa wa Ureno ulio ng'ambo ya bahari. Wengine walisema kijana wa miaka 24 hawezi kulaumiwa kwa bendera ambayo hakupewa nafasi ya kuichagua, kwani timu ya taifa ya Msumbiji haikuwapo na isingeweza kuwapo kabla ya uhuru wa tarehe 25 Juni 1975. Baba alikuwa katika kundi la pili, nami nimerithi msimamo wake, ingawa nakiri kwamba waliokuwa upande wa kwanza walikuwa na hoja nzito kuliko wanavyopewa leo.

Mchangiaji aliyewahi kufanya kazi Maputo

Naomba niongeze la Mafalala, kwa sababu nilipata kupita pale na mwenyeji wangu. Ni mtaa wa nyumba nyingi za mabati na mbao, na wakazi wake wanajivunia kwamba watu waliotoka pale walifika mbali katika siasa, ushairi na soka. Kuhusu Eusébio, wazee husimulia habari ambazo sisi tuliocheza chandimu tutazielewa bila maelezo: miguu mitupu, mpira wa soksi zilizojazwa karatasi, na timu ya watoto iliyojiita Os Brasileiros, kila mtoto akijipa jina la nyota wa Brazil. Baba yake, ambaye alikuwa mfanyakazi wa reli mwenye asili ya Angola, alifariki mtoto akiwa bado mdogo, na mama, Elisa, akabaki na mzigo wa kuwalea wote.

Mwenyeji wangu, hata hivyo, alikuwa na shauku zaidi ya kuzungumza juu ya Mário Coluna. Ndiye aliyemtangulia Benfica, na ndiye aliyekuwa nahodha wa Ureno mwaka 1966, na mama Elisa alimkabidhi mwanawe kwake ili amtunze ugenini. Katika kikosi kile walikuwamo wazaliwa wanne wa Msumbiji: Coluna, Eusébio, beki Hilário, na Vicente Lucas, aliyepewa kazi ya kumkaba Pelé. Baada ya uhuru Coluna alirudi nyumbani na kuongoza shirikisho la soka la Msumbiji, wakati Eusébio maisha yake yalibaki Lisbon. Wote wawili walifariki mwaka 2014, Eusébio tarehe 5 Januari na Coluna mwezi uliofuata, na kwa jinsi nilivyowasikia watu wa pale, msiba wa Coluna ndio waliouona kuwa wa nyumbani hasa.

Mtoa mada

Nimeshukuru sana kwa hilo la Coluna, kwa maana mara nyingi tunamzungumzia mfungaji na kumsahau aliyempa pasi. Katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya mjini Amsterdam mwaka 1962, Real Madrid walikwenda mapumziko wakiongoza 3–2, mabao yote matatu yakiwa ya Puskás. Ni Coluna aliyesawazisha, kisha Eusébio akafunga mawili, moja kwa penalti na jingine kwa mpira wa adhabu, na Benfica ikatwaa kombe kwa 5–3.

Mchangiaji, mwalimu wa soka ya vijana

Mimi nimemfahamu kwa video tu, na nimekuwa nikiwaonesha vijana wangu baadhi ya mabao yake. Nataka kusahihisha dhana moja iliyoenea, kwamba alikuwa mshambuliaji wa kati anayesubiri mpira ndani ya eneo la hatari. Benfica na Ureno walikuwa na José Torres kwa kazi hiyo, mtu mrefu sana aliyevuta mabeki kwa mipira ya juu. Eusébio alianzia nyuma yake au pembeni yake, akapokea mpira akiwa anatazama goli, na akaingia kwa kasi ambayo mabeki wa zama zile hawakuwa wameizoea. Mpira ulikuwa mzito, hasa ukilowa maji, viwanja vilikuwa vya tope, na waamuzi waliruhusu rafu ambazo leo zingeleta kadi nyekundu. Pamoja na hayo, alikuwa akipiga makombora kutoka mbali bila kuvuta mguu nyuma sana, kiasi kwamba kipa alichelewa kujua shuti linaondoka lini.

Jambo la pili ambalo vijana hulikosa ni uthabiti. Aliongoza kwa ufungaji katika ligi ya Ureno mara saba, akatwaa Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya, tuzo ya mfungaji bora wa ligi za Ulaya, mwaka kilipoanzishwa, yaani 1968, kisha akakitwaa tena mwaka 1973, wakati goti lake la kushoto lilikuwa limekwisha kupasuliwa mara kadhaa. Mimi mwenyewe niliacha kucheza kwa sababu ya goti, na najua mchezaji anavyobadilika: unaacha kugeuka ghafla, na unaanza kuhesabu hatua zako. Yeye aliendelea kufunga mabao mengi katika hali hiyo, na kwangu hilo linazidi hata Mpira wa Dhahabu, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya, alioutwaa mwaka 1965.

Mchangiaji anayeishi Ureno

Kwa ufupi: sanamu yake iko nje ya uwanja wa Benfica, akiwa katika mkao wa kupiga shuti, na alipofariki watu waliifunika kwa skafu na maua. Serikali ilitangaza siku tatu za maombolezo, na mwaka 2015 mabaki yake yalihamishiwa katika jengo la Panteão Nacional wanakohifadhiwa mashujaa wa taifa. Mimi kama Mwafrika niliyekaa hapa muda mrefu nalipokea hilo kwa hisia mbili, kwa sababu wapo wanaoliheshimu jina lake kwa dhati na bado wakakuuliza wewe, mwenye rangi kama yake, utarudi kwenu lini.

Mchangiaji kutoka Mtwara

Ndugu yetu wa Ureno amelisema lile ambalo baba yangu alikuwa akilizunguka. Naomba pia tusisahau kwamba klabu za Italia zilimtaka alipokuwa katika kilele chake, na mwenyewe alieleza baadaye kwamba Salazar hakumruhusu aondoke. Mtu aliyepokelewa kama mfalme hakuwa na uhuru wa kuamua atacheza wapi. Alipopata nafasi ya kwenda Amerika Kaskazini, magoti yalikuwa yamechoka, na hata hivyo alitwaa ubingwa wa ligi ya huko mwaka 1976 akiwa na timu ya Toronto.

Mtoa mada

Nimewasoma wote, na msimamo wangu naueleza wazi. Mabao yake 41 katika mechi 64 za timu ya taifa yameandikwa katika vitabu vya Ureno na yatabaki huko, lakini ufundi ulioyazaa ulikuwa umekamilika kabla hajapanda ndege ya Lisbon mwezi Desemba 1960, na hakuna mwalimu wa Ulaya aliyemfundisha kupiga mpira vile. Nayahesabu kuwa ni ya Mafalala kwanza.

Kwa watakaofuata, ningeomba hasa wale ambao wazazi wao waliishi Lourenço Marques au Beira kabla ya uhuru watueleze jinsi nusu fainali dhidi ya Uingereza ilivyopokelewa mitaani kwao, ile ambayo Eusébio alifunga penalti dakika ya 82, Ureno ikalala 2–1, na yeye akatoka uwanjani Wembley akilia.