Nacheza Tekken, gemu ya kupigana, kwa kufinya vitufe hovyo na ninaipenda hivyo hivyo. Nijifunze au nibaki nilivyo?

Mguu_Hewani: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 36, mke na watoto wawili, na nikitoka kazini napitia kibanda cha gemu hapa mtaani, Tekken 7. Toka enzi za Tekken 3 kwenye PS1 sijui kombo hata moja, yale mapigo ya mfululizo. Namchukua Eddy Gordo, yule Mbrazili wa kapoeira, nafinya X na duara mpaka kidole gumba kinawaka moto. Akisimama kwa mikono miguu ikipaa, najiona ni mimi. Raha yangu ndiyo hiyo.

Shida ni madogo. Kibandani mshindi anabaki na pedi, aliyepigwa anainuka. Juzi dogo wa kidato cha pili kanirusha juu, sikugusa chini mpaka damu ikaisha. Raundi tatu kavu. Akanigeukia: "Shikamoo baba. Naomba umpishe mwenzako."

Niende shule ya kombo, au kuna namna ya kufurahia na ubovu wangu?

Bwana_Pedi: Mtu mzima na Eddy! Kwetu alipigwa marufuku maana kumchezesha ni kufinya tu, ukimchagua waya wa pedi unachomolewa 😂

Fundi_Saa: Kombo achana nazo. Jifunze kutulia. Shika kitufe cha nyuma, anakinga akiwa wima; nyuma na chini pamoja, anakinga ngwala. Wewe unafinya muda wote, utakinga saa ngapi? Mwache dogo amalize fujo zake, halafu ndiyo umpe teke moja. Moja, siyo kumi.

Chausiku_G: Kuna njia nyepesi zaidi. Street Fighter 6 ya 2023 ina mpangilio uitwao Modern, pigo kubwa linatoka kwa kitufe kimoja. Tekken 8 ya 2024 nayo ina Special Style, unaiwasha na kuizima katikati ya pambano. Wenye gemu wanajua sisi wabovu tupo na tunalipa.

Mguu_Hewani: @Chausiku_G hiyo si wizi lakini?

Chausiku_G: Mwenye Eddy anauliza wizi?

Mama_Wawili: Kaka, mimi na mume wangu tunacheza Mortal Kombat miaka sasa na hakuna anayejua kitu. Tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Siku alipokuja mdogo wake anayejua, raha ikaisha palepale. Gemu unaiweza vizuri tu, ila unakaa na watu wasio saizi yako. Tafuta mbovu mwenzako.

Mguu_Hewani: MREJESHO. Nimemfuata Mama_Wawili. Jana nimemburuta shemeji, hajawahi kushika pedi maishani. Kamchukua Paul, yule mwenye nywele zilizosimama kama fagio. Raundi ya kwanza nilikuwa napiga teke hewa upande huu, yeye anapiga ngumi hewa upande ule, mpaka sekunde 60 zikaisha. Madogo wameacha runinga zao wamekuja kusimama nyuma yetu. Nikakumbuka ya Fundi, nikashika nyuma, nikakinga ngumi moja. MOJA! Nilipiga kelele mpaka mwenye kibanda akatoka nje na sahani yake ya chipsi.

Shemeji kashinda 3-2. Leo anadai marudiano na anamtaka yule dubu. Jina lake mnalijua wenyewe, silitaji, humu kuna watoto.