Bangaloo ya zamani yenye plasta: nipake nyeupe, nibandue, au nitengeneze baraza?

mjengo_MN
Wakuu hamjambo. Mimi na mama watoto tumenunua bangaloo ya 1919 huku kusini mwa Minneapolis, zile za mtindo wa Craftsman, paa limetoka nje sana, baraza mbele, kuta zote zimepigwa plasta ya simenti. Ndani iko poa lakini ukisimama barabarani inaonekana imechoka kabisa, rangi imefifia, nyufa ziko juu ya madirisha, na kuna mtu zamani alitoa nguzo za baraza akaweka vile vyuma vyembamba vya maua maua, yani paa kubwa hivyo limebebwa na miguu ya korongo. Bajeti dola elfu kumi na tano, na si lazima iishe yote. Nimebaki na tatu:
1. nipake nyeupe yote na mbao nyeusi, vile kila mtu anapaka siku hizi
2. nibandue plasta nirudishe ukuta wa mbao, jirani anaapa mbao ziko chini yake
3. plasta ibaki, pesa iende kwa baraza, mlango na mbao

Mama watoto anataka namba moja. Mnasemaje?

mvua_seattle
Namba moja hapana kaka. Nyumba hizi ni fupi na pana, uzuri wake ni kile kivuli cha paa na zile mbao za kenchi zinazochungulia nje, ukipaka nyeupe na nyeusi jicho linaenda kwenye rangi tu, mbao hazionekani tena. Halafu kwetu huku Seattle ukuta mweupe upande wa kaskazini unaota kijani baada ya mvua za msimu mmoja, jirani yangu kila mwaka yuko na ndoo na brashi. Sijui kwenu na theluji ikoje.

rangi_StPaul
Napiga rangi huku Minnesota miaka mingi kwa hiyo nisikilize kidogo. Theluji ikiyeyuka ukuta wote wa chini unarukiwa na matope na chumvi ya barabarani, kwenye nyeupe utayaona kuanzia Machi mpaka uoshe.

Ila namba mbili ndo inayonitisha. Kabla hujagusa nyundo nenda kaangalie fremu za madirisha kwa nje. Kama mbao za fremu zimejitokeza mbele ya plasta, basi plasta huenda ni ya tangu mwanzo, nyumba nyingi huku za miaka ile zilijengwa nayo hivyo hivyo. Kama fremu zimezama ndani, mtu aliipiga baadaye juu ya mbao. Na hata ukizikuta, zitakuwa na matundu ya misumari kila mahali, vipande vya urembo vilishakatwa ili waya wa kushikia plasta ulale vizuri, na rangi ya chini ina madini ya risasi karibu kwa uhakika, maana Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo kwenye nyumba mwaka 1978 tu. Plasta nyingine za zamani zina asbesto pia, zile nyuzi zenye madhara kwa mapafu, inapimwa kwanza. Elfu kumi na tano inaishia kwenye kubandua, mbao hujagusa.

pwani_chokaa
Mi niko Mombasa ila naomba niulize, kwa nini msipake chokaa? Ukuta unapumua, haubambuki, na ikichakaa unarudishia koti jingine. Nyumba za Lamu zimekaa hivyo karne na karne.

rangi_StPaul
Shikamoo chokaa 😂 wazo si baya lakini chokaa inataka ukuta mtupu inyonye. Huu umeshapakwa rangi za plastiki mara ngapi sijui, chokaa itateleza na kudondoka. Hilo la kupumua ndo la maana lakini. Mjengo, usikubali kontrakta akuuzie ile rangi nzito ya mpira inayoziba nyufa, maji yakipata njia ya kuingia yanakwama nyuma yake, baridi inayagandisha, na plasta inabanduka vipande vipande. Chukua rangi ya akriliki ya kawaida ya ukuta wa simenti. Nyufa ziba kwanza, na ukipiga kiraka kipya cha simenti kiache kama siku 28 kabla ya rangi.

mama_Altadena
Watoto wazuri, njooni Pasadena, California, mtembee kile kitaa kinaitwa Bungalow Heaven, mji ulikitangaza eneo la kumbukumbu mwaka 1989. Nyumba zenye plasta zimo, na zilizopendeza zimepakwa rangi za udongo, kijani cha zeituni, kahawia, njano iliyokolea, na mbao zimepewa rangi yao tofauti. Mlango nao, ule wa mbao wenye vioo vidogo juu. Nyeupe naiona zaidi kwa wanaonunua leo wauze kesho.

mjengo_MN
Nimetoka kuangalia. Fremu zimejitokeza kabisa kama inchi moja, kwa hiyo plasta ni ya tangu mwanzo, jirani alikuwa anabuni tu. Namba mbili imekufa. Sasa nguzo, naweza kutoa hivyo vyuma mwenyewe wikendi?

rangi_StPaul
HAPANA. Hivyo vyuma ndivyo vinabeba paa la baraza. Linaegemezwa kwanza na jeki, unachukua kibali cha mji, na msingi wa nguzo mpya unashuka inchi 42 huku kwetu, la sivyo ardhi ikiganda inainua kila kitu. Hapo tafuta mtu wa kazi hiyo. Umwambie nguzo ziwe nene chini zikipungua kwenda juu, zikae juu ya kisiki cha tofali. Hiyo pekee itabadilisha sura ya nyumba kuliko rangi yoyote.

mvua_seattle
Na toa maua yaliyogusa plasta, udongo ushuke angalau inchi nne chini ya mwisho wa plasta. Maji mengi yanapandia hapo.

mke_wa_mjengo
Mimi ndiye mama watoto mnayemsema 😅 Sikutaka nyeupe ya hospitali jamani, nataka nyumba ing'ae kidogo, huku majira ya baridi jua linazama saa kumi na nusu jioni na nikirudi kazini naona giza juu ya giza. Kijani cha zeituni hapana.

rangi_StPaul
Dada uko sawa kabisa. Ukuta krimu yenye njano ndani yake, mbao kahawia ya kukolea, mlango mwekundu wa tofali, na taa ya baraza yenye kioo cha rangi ya asali. Nunua kopo dogo dogo la kila moja, pakeni kipande cha mita moja upande wa barabara na kingine kaskazini, muangalie asubuhi na jioni wiki nzima. Na muwahi, nikifika Oktoba usiku unashuka chini ya nyuzi kumi mimi brashi naweka chini.

mke_wa_mjengo
Mlango mwekundu nimeukubali. Mjengo analipia makopo.