Bunduki mpya ya kuwindia inatawanya risasi: tupeane uzoefu mliinyooshaje

Mzee wa Kichaka: Wakuu, heshima kwenu. Kuna kijana kaniletea karatasi yake ya shabaha, bunduki ya .308 (ndiyo saizi ya risasi yake) mpya kabisa, mita 100, matundu yametapakaa kama kuku waliomwagiwa mtama. Nikacheka, halafu nikakumbuka yangu ilivyonitesa. Waliopitia haya waje hapa. Naanza mimi: ya kwangu ilitulia nilipobadilisha risasi tu. Za greni 150 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) zilikuwa zinatawanyika sentimita 9, nikaweka za greni 165 zikaingia ndani ya sentimita 3. Mtutu uleule, mikono ileile.

Fundi Mtutu: Nakazia. Kila mtutu una risasi yake unayoipenda. Jaribu aina tatu nne, ukipata inayokubali nunua za kutosha za toleo lilelile.

Nyayo za Alfajiri: Umenigusa pabaya, mkuu. Yangu ilikuwa .30-06. Aliyeniuzia ndiye aliyefunga darubini, akaniambia iko tayari, nenda tu msituni. Kwenye shabaha risasi mbili zikakaa pamoja, ya tatu ikapanda kulia, ya nne ikapanda zaidi. Tukasema mtutu umepata moto, tukauacha upoe mpaka ukawa baridi kabisa mkononi. Hali ileile. Nikabadilisha risasi, nikasafisha, wapi! Mwenzangu akaanza kusema tatizo ni mimi, bunduki yake haina shida. Tukaingia porini hivyohivyo. Swala dume akasimama ubavu, hata mita 120 hazifiki, jua limetoka nyuma yangu, upepo hakuna. Nikavuta. Vumbi likaruka mbele ya miguu yake. Hakukimbia hata, aligeuza shingo akanitazama! Mwenzangu alicheka mpaka akakaa chini.

Jioni nikatoa risasi zote, nikafungua boliti, nikaishika darubini kwa mikono miwili nikaitikisa. Nikasikia "tik". Kikalio cha darubini, kile chuma kinachoibeba juu ya bunduki, kilikuwa kinacheza. Kuvua pete zinazoishika darubini, chini yake skrubu moja ni fupi, imeshika nyuzi mbili tu, na matundu yote yamejaa mafuta ya kiwandani. Nikaweka skrubu za urefu sahihi, nikafuta mafuta kwa spiriti, nikakaza kwa spana ya kipimo, moja huku moja kule, mpaka kiwango cha mtengenezaji. Ikatulia. Yule aliyeniuzia alinijibu kwamba zote ndivyo zinavyokuja.

Kimya Kimya: Skrubu, wakuu. Skrubu!

Bibi Shabaha: Na skrubu za chini zinazoshika chuma cha bunduki kwenye ubao, yaani kitako na mkono wake wa mbele chini ya mtutu, je? Watu wanazisahau. Halafu chukua kipande cha karatasi, kipitishe kati ya mtutu na ubao kuanzia mbele kurudi nyuma. Kikikwama njiani, ubao unagusa mtutu. Mtutu ukipata moto unasukumwa upande, na risasi zinafuata. Yangu niliikwangua ubao kwa msasa kidogo kidogo mpaka karatasi ikapita bila kukwama.

Komando Mstaafu: Dada, usidanganye watu. Kuna bunduki zimetengenezwa makusudi ziwe na mgandamizo pale mbele, ubao uusukume mtutu kidogo. Ukikwangua umeharibu.

Bibi Shabaha: Kaka, nimesema kikikwama NJIANI. Mgandamizo wa kiwandani uko kwenye ncha ya ubao na unaonekana kwa macho. Soma kwanza.

Komando Mstaafu: Haya mama, yaishe. Ila mtutu mpya lazima uzoeshwe: piga moja, safisha, piga moja, safisha, ndipo uanze na makundi, yaani risasi kadhaa mfululizo kwenye shabaha moja.

Fundi Mtutu: Hilo nalo watengenezaji wenyewe hawakubaliani. Wengine wanaliandika kwenye kitabu, wengine wanasema unamaliza mtutu na risasi bure. Mimi natoa tu grisi ya kiwandani kabla ya risasi ya kwanza. Na ufito wa kusafishia uingie kwa upande wa chemba, pale risasi inapokaa nyuma, si mdomoni. Ukikwaruza ukingo wa mdomo wa mtutu, ndipo utajua kutawanya ni nini.

Mla Nyama Pori: Nyie mnaongelea karatasi. Mimi nilikutana na nguruwe pori, giza linaingia, na bunduki ilikuwa imeanguka garini asubuhi. Nikalenga bega, nikampata nyuma kabisa. Akaingia kichakani. Tukamfuata damu kwa tochi, tukasikia anakoroma mita chache mbele, mara kichaka kikafunguka, anakuja yeye...

Kimya Kimya: Ikawaje??

Nyayo za Alfajiri: Mkuu, usituache njiani.

Bibi Shabaha: Bunduki imeanguka na bado ukaenda kulenga mnyama bila kuihakiki kwenye karatasi? Huyo nguruwe ana haki ya kukufuata.

Mla Nyama Pori: Chaji inaisha, nakuja.

Mzee wa Kichaka: Turudi kwenye mada jamani. Kijana anauliza darubini yake inazungushwaje.

Fundi Mtutu: Kama imeandikwa robo MOA (MOA na mil ni vipimo vya pembe), kliki moja ya kitufe chake ni kama milimita 7 kwenye mita 100. Ukiwa chini kwa sentimita 10 panda kliki 14. Kama ni 0.1 mil, kliki moja ni sentimita 1, kazi rahisi. Ila usizungushe chochote kwa tundu moja. Piga tano, tafuta katikati yake, sogeza hiyo katikati.

Komando Mstaafu: Tatu zinatosha.

Bibi Shabaha: Tatu ni bahati. Na mfuko wa mchanga ukae chini ya ubao, usiegemeze mtutu juu yake.

Babu Triga: Mwambieni afunge macho avute, atapata vilevile. Hahaha. Hapana, kweli: mwenzake ampakilie, achanganye risasi bandia bila yeye kujua. Ikitokea bandia na mdomo wa bunduki ukazama, anashtuka kabla ya mlio. Hapo hata umbadilishie mtutu ni kazi bure.

Kimya Kimya: Nguruwe alifika wapi?

Mzee wa Kichaka: Mrejesho. Kijana amepitisha karatasi, imekwama katikati. Kakwangua, kakaza skrubu, amehamia greni 165. Tano ndani ya sentimita 4. Ila ile ya kwanza, mtutu ukiwa baridi, inakaa sentimita 2 kushoto kila akienda.

Komando Mstaafu: Apige moja ya kupasha moto kabla ya kuwinda.

Bibi Shabaha: Na swala amsubiri? Porini hiyo ya baridi ndiyo ya kazi. Aipige siku tofauti tofauti kwenye karatasi ileile, ikirudi palepale asogeze darubini kwa hiyo.

Babu Triga: Sentimita 2 kwenye bega la mnyama? Asiguse kitu. Aende akawinde.