Naombeni ushauri: joto la Phoenix au theluji ya Minneapolis?

Ndugu zangu mnaoishi Marekani, naombeni ushauri wa dhati. Mume wangu amepata kazi katika kampuni yenye ofisi miji hiyo miwili, na ametakiwa achague kabla ya mwisho wa mwezi. Sisi ni watu wa Tanga, joto tumezaliwa nalo, kwa hiyo yeye anaona jibu liko wazi: Phoenix.

Mimi roho yangu haijatulia. Joto letu lina upepo wa bahari. Phoenix mwaka 2023 ilikaa siku 31 mfululizo ikigonga nyuzi 43 na zaidi, na usiku nao haupoi. Kuna watu waliungua ngozi kwa kuanguka tu kwenye lami! Tutakuwa na mama mkwe, ana presha na anatumia dawa za kukojosha, maji yanamwisha mwilini haraka. Kiyoyozi kikiharibika Julai tunafanyaje?

Minneapolis nako Januari 2019 ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Nimevutiwa na yale madaraja yaliyofunikwa yanayounganisha majengo ya katikati ya mji. Lakini mama, ambaye hata Lushoto hutetemeka, akiteleza kwenye barafu na mifupa ile? Na mwanangu wa miaka minne atacheza wapi?

Aliyelea mzee au mtoto katika mji mmojawapo anieleze: bili za kupoza na kupasha nyumba joto zikoje, na wazee wanavumilia vipi kukaa ndani miezi yote hiyo?