UZI: Nimeulizwa "mama yako anajua?" mbele ya foleni nzima, kisa kadi ya grafiki

Mchoraji_wa_Kira ameandika:

Ndugu zangu, naandika nikiwa bado kwenye ngazi za jengo lenyewe, vidole vinatetemeka, kwa hiyo mkiona herufi zimepandana msinisahihishe. Leo mtu mzima kaniuliza, kwa sauti ya mnada, "Mama yako anajua?"

Nina miaka 36. Nina watoto wawili na kipara kimeanza kupiga hodi.

Yule bwana mnamjua, msijifanye. Yule wakala wa kutolea watu mizigo forodhani, uwanja wa ndege wa Entebbe hapa Uganda, lifti ya jengo lake ilikufa zamani na haijazikwa, kalkuleta yake kubwa kama tofali la Kajjansi. Jina silitaji. Nusu yenu mmeshalia kwenye kile kiti chake cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya.

Mimi nachora nyumba. Mtu ana kiwanja Gayaza, anataka aone sebule yake kabla tofali la kwanza halijashuka. Kadi yangu ni ya 2016, GB 4, na kurenda (kuifanya kompyuta igeuze mchoro uwe picha kamili) picha moja nayo ni kuchemsha maharagwe kwa mshumaa: naanza Jumatatu, mteja anahamia kwenye nyumba, picha bado. Nikatafuta kadi mpya, RTX 5070 Ti, mjini. Wapi! Duka moja linasema wiki ijayo tangu Pasaka, jingine linataja bei ya kununulia ng'ombe na mchungaji wake. Ilitoka Februari 2025 kwa dola 749, lakini hiyo bei ilikuwa kama umeme wa mtaani kwetu, ukiuona ujue unaenda. Shemeji yangu aliyeko Dubai kazunguka Deira mpaka kaipata kwa 980. Nikamtumia hela. Nikafunga mkanda.

Basi yule bwana kanipa hesabu ya kwanza ya kuutoa mzigo: shilingi milioni 1 na elfu 50, kodi na kila kitu ndani. Kale, nikakubali. Baada ya siku nne: "Kodi imebadilika ssebo (bwana), milioni 1 na laki 4." Leo: "Imebadilika tena. Milioni 1 na laki 9." Najua bajeti inasomwa Juni na sheria mpya zinaanza Julai mosi, hilo hata bibi yangu anajua. Ila za huyu zinabadilika kila akitoka kula.

Sasa sikilizeni. Boksi kaliweka mezani, tepu imechanwa kwa ufunguo, juu ya kifuniko kuna duara la kikombe cha chai. Chai! Kaichomoa kadi na ule mfuko wake wa kijivu, kaishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. "Hii ni feni?" Nikasema ni kadi ya grafiki. "Mbona ina feni tatu?" Nikasema ni za kuipoza. "Inafanya nini?" Nikasema kazi, narenda. Kijana wake pale pembeni, mdomo umejaa chapati, akasema, "Bosi, hiyo ni ya gemu."

Kimya. Kalkuleta ikasimama. Akavua miwani, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, taratibu, halafu:

"Mama yako anajua?"

Watu kumi na wawili, ndugu zangu. Niliwahesabu. Kulikuwa na mama mmoja mwenye magunia ya nywele za kusuka, alicheka mpaka akakalia mzigo wake. Mwenye kuuza mayai ya kuchemsha kule chini kwenye ngazi alipaza sauti kuuliza kuna nini, na akaambiwa!

Na kwenye karatasi wameandika "kifaa cha mchezo". Kadi sijapewa. Mama yako anajua! Mimi!

---

Boda_Dijitali:
Pole sana mkuu. Lakini swali hujalijibu. Anajua?

NyanyaZaKalerwe:
Nimecheka ndani ya taksi mpaka kondakta kadhani nimeshikwa na pepo 😂😂 "vidole viwili kama panya aliyekufa"

Mzee_wa_Makindye:
Kijana, kwanza pole. Pili, milioni tano kwa feni tatu? Mimi nina pangaboi moja, ina waranti, na mama yangu anajua.

Hesabu_Ntinda:
Acheni utani kidogo, jamaa anaibiwa. Kompyuta na vipuri vyake, ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni sifuri. Kinachobaki ni VAT asilimia 18 na kodi ya zuio (ile ya mapato inayokatwa mapema) asilimia 6, halafu vitozo vidogo vidogo. Wanapiga juu ya bei ya kitu pamoja na usafiri na bima, si bei ya dukani peke yake. Chukulia 980 na usafiri 70, hiyo ni dola 1,050. Kwa dola ya 3,600 ni 3,780,000. VAT 680,400. Zuio 226,800. Jumla 907,200. Ongeza vitozo na ujira wa wakala, unarudi pale pale kwenye milioni na kitu aliyokutajia mwanzo. Kwa hiyo mwanzo alikuwa sahihi! Kilichobadilika si kodi, ni jina la mzigo. Akiandika "kifaa cha mchezo" anaihamishia kwenye kundi jingine, na huko ushuru si sifuri tena. Mwambie akuonyeshe tamko lenyewe la forodha, asikuonyeshe kalkuleta. Na hiyo 6 ya zuio, kama una TIN (namba ya mlipakodi) na unawasilisha ritani (taarifa ya kodi ya mwaka), inakatwa kwenye kodi yako ya mapato. Haipotei.

Wakongwe watakumbuka, kompyuta na vipuri vilikuwa haviguswi na VAT mpaka bajeti ya 2014 ilipofuta msamaha.

Mchoraji_wa_Kira:
@Hesabu_Ntinda Mungu akubariki, nimenakili yote. Lakini hela si tatizo langu kubwa. Angeniibia kwa heshima ningenyamaza! Kavua MIWANI. Mtu anavua miwani akupe habari ya msiba. Yeye kavua aniulize mama.

Boda_Dijitali:
Bado hujajibu.

Mama_Pacha_Arua:
Mimi upande wangu sicheki. 2021 mume wangu alileta kadi mbili za namna hiyo, akasema tutachimba Ethereum, ile sarafu ya mtandaoni, kadi zikokotoe usiku na mchana tulipwe, tutanunua kiwanja. Usiku kucha zinavuma chumbani kama mashine ya kusaga mahindi, watoto wamelala sebuleni kwa joto, yaka (umeme wa kulipia kabla) inaisha kabla ya wiki. Septemba 2022 hao wenye Ethereum wakabadilisha mfumo wao, kadi hazichimbi tena. Moja kaiuza hasara. Ya pili inazuia mlango wa jikoni usipigwe na upepo. Mama yake hakujua. Na mimi sikujua bei mpaka nilipokuta risiti ndani ya Biblia.

NyanyaZaKalerwe:
NDANI YA BIBLIA 😭 kitabu gani dada

Mama_Pacha_Arua:
Maombolezo.

Mpakani_Busia:
Huyu ana kadi MOJA anafungua uzi. Mimi nina marobota ya viatu yamekaa wiki tatu, mvua inanyesha, na wakala wangu (binamu wa huyo wenu, nadhani, hata kalkuleta zinafanana) ananiambia "mtandao uko chini". Kila siku chini. Huo mtandao ungekuwa kisima tungeshapata mafuta. Jana kaniambia niwe na subira, yeye kavaa viatu vyangu. Namba 43. Nimevitambua kwa kamba.

Kijana_Kasese:
@Mpakani_Busia ulimfanya nini??

Mpakani_Busia:
Nilimsifia. Ningefanya nini na mzigo uko kwake?

Gemu_Tu_Wandegeya:
Angalau ya kwako ni ya kweli. Mimi nilinunua kadi ya GTX 1050 Ti hapa hapa mjini, duka lile la chini lenye taa za rangi, mnalijua. Nikafungua gemu, kompyuta ikatoa rangi ya zambarau kisha ikalala. Nikaweka GPU-Z, programu ya bure hiyo ya kukagua kadi, ikaandika pembeni "fake" (bandia) kwa herufi ambazo hata babu angesoma. Kumbe ndani ni GTX 550 Ti ya 2011, wamebadilisha programu yake ijitambulishe kwa jina la mwenzake. Kadi ina kitambulisho cha kughushi! Nikairudisha, jamaa akasema, "Lakini picha si inaonyesha?" Iweke hiyo GPU-Z kabla hujalipa shilingi, nawaambia.

Mzee_wa_Makindye:
Sisi 2018 tulikuwa tunalipa kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, ili tufungue WhatsApp tusome salamu za asubuhi. Ikaondolewa 2021, wakaleta asilimia 12 juu ya bando. Sasa nalipa hata nikiwa sina wa kunisalimia. Ninyi mnalilia feni.

Kijana_Kasese:
Mzee bando lako linakaa siku ngapi? Langu la wiki linakufa Jumatano.

NyanyaZaKalerwe:
Zima video zisijicheze zenyewe. Mimi langu lilikuwa linaliwa na watoto wa dada, katuni moja mara arobaini.

Hesabu_Ntinda:
Mwenye uzi, swali la kiufundi kabla hujaenda kupigana kesho. Pawa saplai yako (kile kisanduku cha kulisha kompyuta umeme) ni ya wati ngapi?

Mchoraji_wa_Kira:
450. Kwa nini?

Gemu_Tu_Wandegeya:
😶

Hesabu_Ntinda:
Ndugu yangu. Hiyo kadi peke yake inakula mpaka wati 300. Watengenezaji wanashauri pawa saplai ya 750.

Boda_Dijitali:
Mama yake angejua angemwambia.

Mchoraji_wa_Kira:
Banange (jamani). Basi 750 nayo itoke wapi? Sisemi iletwe kupitia YULE. Nikirudi pale na boksi la pili si ataniuliza na baba?

Gemu_Tu_Wandegeya:
Ninayo ya 750, imetumika miezi sita, haijawahi kuguswa na fundi. Njoo inboksi. Kweli kabisa, pima mwenyewe.

Mama_Pacha_Arua:
Ukihitaji na kadi ya kuzuia mlango, ninayo.

Kijana_Kasese:
Huku umeme wenyewe ukija unakuja umechoka, balbu inawaka kama tumbaku ya mzee. Wati 750 mnazitoa wapi ninyi? Friji yangu imejifunza kuishi bila baridi.

Mzee_wa_Makindye:
Friji ya aina gani? Yangu inalia tu, haigandishi. Fundi kasema gesi, mwingine kasema kompresa, wa tatu kaondoka na mlango.

Kijana_Kasese:
Na mlango? 😂

Mzee_wa_Makindye:
Kasema anaenda kuupima raba.

Mchoraji_wa_Kira:
Nimefika nyumbani. Mama kapiga simu. Yule mama wa magunia ya nywele wanasali naye kanisa moja. Ameuliza ni shilingi ngapi.

Boda_Dijitali:
SASA ANAJUA 😂😂😂

Mpakani_Busia:
@Mzee_wa_Makindye huyo fundi wa mlango ni mrefu, ana pikipiki nyekundu? Maana kuna mmoja alichukua tairi ya mama mkwe wangu hivyo hivyo, eti kaenda kuipima upepo.

Mzee_wa_Makindye:
Mfupi. Lakini pikipiki ni nyekundu.